Ukiugua Ughaibuni: Mlango Upi, na Nani Analipa

Wazazi wetu, vijana mnaosubiri viza, na nyinyi mnaokwenda kuwaona wajukuu au kumsindikiza mgonjwa: karibuni.

Hapa Nairobi mtu akiamka na homa hababaiki. Anashuka hadi duka la dawa, anajieleza, anauziwa. Homa isipoisha anaingia kliniki yoyote iliyo wazi, anatolewa damu, analipa kwa M-Pesa, na kabla ya adhuhuri ana majibu mkononi. Akizidiwa usiku, anakimbizwa kasualti. Hakuna anayemuuliza amesajiliwa kwa daktari gani. Mazoea haya ndiyo yanayomponza akifika nchi za watu. Kule kila kiwango cha ugonjwa kina mlango wake. Anayeingia mlango usio wake hungojeshwa usiku kucha, au hurudishwa, au huletewa bili ambayo angeiepuka kwa kwenda mtaa wa pili. Tena kwenye kila mlango kuna swali moja linalomsubiri, ama kabla ya kupimwa ama mara tu baada ya kupimwa: nani analipa? Jibu la swali hilo hutayarishwa hapa nyumbani. Ukilitafuta ukiwa kitandani, umechelewa.

Tuanze Uingereza, maana nilipouliza mnakwenda wapi, ndiko mikono mingi ilikoinuka. Anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita hulipa ada ya afya pamoja na ada ya viza yenyewe: pauni 1,035 kwa kila mwaka, na pauni 776 kwa mwanafunzi au mtoto aliye chini ya miaka 18. Wanaokwenda kwa viza ya wafanyakazi wa afya wamesamehewa. Ukishalipa, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya kule, inakutibu kama mkazi. Kosa linalojirudia kila mwaka ni kudhani kwamba kulipa ndiko kusajiliwa. Ada ile imekufungulia geti tu. Daktari bado hujampata. Ukifika, wiki ya kwanza, ukiwa mzima kabisa, nenda kwenye kliniki ya daktari wa mtaa, yaani GP, iliyo karibu na unakolala, ujaze fomu ya usajili. Kule England hawapaswi kukukatalia kwa sababu huna bili ya umeme yenye jina lako au kitambulisho. Wengine wa mapokezi husahau kanuni hiyo. Wakumbushe kwa upole. Usajili ni bure.

Baada ya hapo, ugonjwa wa kawaida huanzia kwa GP. Kliniki nyingi hufungua simu saa mbili asubuhi, na nafasi za siku hiyo huisha upesi, kwa hiyo mwenye kuamka saa nne akapiga simu ataambiwa ajaribu kesho. Usiku, au ukiwa hujui uende wapi, piga 111: watakuuliza maswali kisha wakuelekeze. Namba 999 ni ya maisha yaliyo hatarini, kama maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kupooza upande mmoja, au damu isiyokatika. Ukienda kasualti kwa kikohozi cha siku tatu utapokelewa, ila watatibiwa kwanza wote walio hoi kuliko wewe, hata waliofika baada yako. Si ubaguzi. Wanapanga kwa uzito wa ugonjwa, si kwa foleni.

Na dawa za kuua bakteria huwezi kununua kaunta kama tulivyozoea. Hata hivyo, tangu mwisho wa Januari 2024, mfamasia wa England anaruhusiwa kutibu mwenyewe magonjwa saba madogo bila karatasi ya daktari, yakiwemo maumivu ya koo, maumivu ya sikio kwa watoto, na maambukizi ya mkojo kwa wanawake walio chini ya miaka 65. Wengi wetu tunaupita mlango huo tukienda kupanga foleni kwingine.

Sasa mama anayekwenda kumwona mwanawe kwa viza ya kutembea. Huyu hakulipa ile ada. Akiangukia kasualti, huduma ya pale pale ni bure. Akilazwa wodini, hesabu inaanza, na mgeni hutozwa asilimia 150 ya bei ambayo NHS yenyewe hulipana. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa, linaweza kufikishwa kwa idara ya uhamiaji, na ombi la viza linalofuata likakataliwa kwa sababu hiyo. Kwa upande mwingine, kuna magonjwa ambayo mtu yeyote hutibiwa bila malipo, awe mgeni au asiwe: kifua kikuu, virusi vya ukimwi, malaria. Kwa hiyo mtu asikae ndani na homa akiogopa bili.

Ujerumani tusikae sana. Bima ni lazima na mwanafunzi hasajiliwi chuoni bila hiyo. Kadi ya bima ndiyo inayobeba dawa alizokuandikia daktari. Unaitia kwenye mashine ya duka la dawa na wanaiona orodha. Namba ya dharura ni 112, na ya daktari wa zamu kwa ugonjwa usio wa kufa ni 116117. Ukikosa kazini kwa ugonjwa, mwajiri ajulishwe siku ile ile ya kwanza. Wenzetu wamepoteza kazi kwa kunyamaza tu wakidhani kuugua ni sababu inayojieleza.

Marekani ndiko kwenye kazi.

Kuna sheria ya mwaka 1986 inayoilazimu karibu kila hospitali yenye kitengo cha dharura kumpima yeyote anayeingia na kumtuliza hali yake, awe na pesa au hana, awe raia au mgeni. Hiyo ni kweli, na mtu aliye hoi asiogope kuingia. Lakini sheria ile inakulinda usifukuzwe mlangoni. Haisemi chochote kuhusu bili. Bili itakuja, tena kwa posta, wiki kadhaa baadaye, na si moja. Hospitali italeta yake, daktari aliyekuona yake, aliyesoma picha ya eksirei yake, maabara yake. Ndiyo maana mtu hulipa ya kwanza, akapumua, kisha barua ya tatu ikamkuta amerudi Nairobi.

Kwa hiyo, ugonjwa usiotishia maisha, kama koo, masikio, kifundo kilichoteguka au mkojo unaochoma, upeleke kwenye kituo chenye kibao cha Urgent Care. Vimejaa kila mji, huhitaji miadi, na bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya kitengo cha dharura. Asiye na bima atafute kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato. Ambulensi ya 911 ni kwa anayekufa. Inaweza kukugharimu mamia au maelfu ya dola, na ile sheria iliyoanza 2022 ya kuwakinga wenye bima dhidi ya bili za kushtukiza haikugusa ambulensi za barabarani.

Sasa tusome bima ya Marekani kwa hesabu, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Tuseme sera yako ina kiwango cha kwanza cha dola 500 unachobeba mwenyewe, kisha kampuni inalipa asilimia 80. Umetibiwa kwa dola 3,000. Unatoa 500 kwanza. Zinabaki 2,500. Asilimia 20 ya hizo ni 500 nyingine. Umelipa 1,000, na bima 2,000. Hiyo ni kama hospitali ina mkataba na kampuni yako. Kama haina, asilimia hubadilika, na mara nyingi sehemu ya bili bima haiitambui kabisa. Kwa hiyo swali kwenye kaunta si “mnapokea bima?” Kila mtu atajibu ndiyo. Swali ni kama wana mkataba na mpango huu, wa jina hili, ulioandikwa kwenye kadi hii.

Wazazi wanaokwenda kutembea huuziwa sera za aina mbili. Moja hulipa kiasi kilichopangwa kwa kila huduma, basi. Bei yake ni nafuu, na ukilazwa siku nne utaona kwa nini. Nyingine hulipa asilimia ya bili halisi hadi ukomo fulani. Ya pili ndiyo ya kununua. Mwenye presha au sukari atafute kifungu kinachokubali kulipia ugonjwa wa zamani ukilipuka ghafla, na asome umri wa mwisho wa kifungu hicho, kwa maana mara nyingi kuna umri ambao baada yake hakipo.

Bili ikishakuja, usilipe haraka na usiitupe. Omba bili yenye mchanganuo wa kila kitu, na utie alama kwa kalamu ulichopewa na usichopewa. Dawa iliyoandikwa mara mbili au kipimo ambacho hakikufanyika ni mambo ya kawaida kabisa. Kisha uliza kama hospitali si ya kibiashara, kwa sababu hospitali za aina hiyo hulazimika kuwa na mpango wa kuwasaidia wasioweza kulipa, na unaruhusiwa kuomba hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka. Wakenya wengi hukaa kimya kwa aibu, wakachangishana kulipa deni ambalo lingepunguzwa kwa fomu ya kurasa chache.

Tuje Ghuba. Mwajiri wa kampuni Saudi Arabia hulazimishwa na sheria kumkatia mfanyakazi bima ya afya, na hospitali huitafuta bima hiyo kwa namba ya iqama, yaani kibali cha ukaazi. Kwa wafanyakazi wa nyumbani, kanuni iliyoanza Julai 2024 inamlazimu mwajiri mwenye zaidi ya wanne. Binti zetu wengi wako kwenye nyumba zenye msichana mmoja au wawili. Basi nani atalipa ni jambo la kuulizwa wakala na kuandikwa kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi, si la kuombewa huruma jikoni. Piga picha ya iqama, pasipoti na kadi ya bima, uitume kwa ndugu nyumbani siku ile ile unayozipokea, kwa sababu unaweza usiwe nazo mkononi siku utakayozihitaji. Ambulensi Saudia ni 997. Falme za Kiarabu ni 998.

Huko Ghuba pia ndiko dawa zinakomfikisha mtu kwa polisi. Tramadoli, kodeini, diazepamu: hivi vidonge ambavyo wengine wenu mnavyo kwenye mkoba hivi sasa kwa ajili ya mgongo au usingizi vinadhibitiwa vikali. Falme za Kiarabu zina kibali kinachoombwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Bila kibali na barua ya daktari, acha.

Sasa homa, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na malaria kwetu hapa ni haba. Lakini nani husafiri bila kwenda kuaga ushago? Mtu hulala siku tano Busia, Siaya au Kilifi, anarudi, anapanda ndege, na wiki ya pili akiwa Leeds au Minneapolis, mwezi wa Januari, theluji nje, anapata homa, kichwa na viungo. Daktari wa kule ameona watu thelathini wenye mafua asubuhi hiyo. Atasema mafua, kapumzike, kunywa maji. Malaria ile kali ya kwetu kwa kawaida hujitokeza ndani ya mwezi mmoja tangu kuumwa na mbu, mara nyingine baadaye, na inaweza kumgeuza mtu mahututi kwa siku moja. Kwa hiyo sentensi ya kwanza, hata kabla ya kusema unaumwa wapi, iwe: nimetoka Kenya tarehe fulani, nilikuwa eneo la malaria, naomba kipimo cha malaria leo. Sema hivyo mapokezini, urudie kwa muuguzi, umwambie na daktari. Kipimo cha kwanza kikitoka safi na homa bado ipo, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, mpaka vitimie vitatu. Usimeze dawa ya malaria uliyotoka nayo nyumbani kabla ya kutolewa damu, kwa kuwa inaweza kupunguza vimelea visionekane huku ugonjwa haujaisha. Na waliokaa huko miaka mingi wakaja likizo wasijidanganye kwamba malaria wameizoea. Kinga ile hupungua, na watoto waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo.

Neno moja la kando. Ile “malaria na taifodi” tunayopewa mtaani kwa kipimo cha Widal cha dakika chache, kule hutaipata. Wao huotesha damu maabara na husubiri siku kadhaa. Usigombane nao, kwa hili wako sahihi kutuzidi.

Majina ya dawa nayo yanachanganya. Paracetamol yetu, Marekani huitwa acetaminophen. Salbutamol ya mwenye pumu ni albuterol. Glibenclamide ya sukari ni glyburide. Mtu humeza Panadol alizotoka nazo, kisha dawa ya mafua aliyonunua huko, bila kujua kwamba zote mbili zina kitu kile kile, na kwa mtu mzima ukomo ni gramu 4 kwa saa 24. Ukizidi, ini linaumia. Vipimo pia si vimoja. Mashine za hapa husoma sukari 7, na ya Marekani husoma 126: ni sukari ile ile, zidisha kwa 18. Mzee aliyeona 126 akafikiri anakufa, akajiongeza dawa, ataanguka kwa sukari kushuka. Joto la mwili la 38 hapa, huko Marekani husomwa 100.4.

Kwa hiyo kila mwenye ugonjwa wa kudumu atoke hapa na barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, iliyochapwa, yenye muhuri: ugonjwa, jina halisi la dawa na si la pakiti tu, miligramu, mara ngapi kwa siku, mzio, upasuaji wa zamani, namba ya daktari ikianza na +254. Mwenye selimundu aandikiwe wazi. Dawa zikae kwenye pakiti zake, kwenye mkoba wa mkononi, za kutosha safari nzima na wiki mbili za ziada. Insulini isiwekwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Ikiganda, imeharibika hata kama ukiitazama inaonekana nzuri.

Ukifika mbele ya daktari utaulizwa maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Wazee wetu hujibu “si mbaya” huku wamekunja uso. Basi anaandikiwa mbili na kurudishwa kwenye benchi. Sema namba yako ya kweli. Lugha ikikwama, omba mkalimani wa Kiswahili. Kwenye NHS, na kwenye hospitali za Marekani zinazopokea pesa za serikali kuu, hutozwi kwa hilo, na mara nyingi huja kwa simu. Mjukuu wa miaka kumi asitafsiri habari za kibofu cha nyanya yake. Jambo jingine: mgonjwa aandikishe mapema mapokezini jina la ndugu anayeruhusiwa kupewa habari. Bila hivyo mtapiga simu kutoka Nairobi wiki nzima na muuguzi atawajibu kwa adabu kwamba hawezi kusema lolote.

Bima ya safari. Kadi ya SHA, bima yetu ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, haisomwi kwenye kaunta ya Manchester wala Dubai, hata kama unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Kwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, unatakiwa sera ya angalau euro 30,000 inayolipia dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au mwili. Wengi hununua ile ya bei ya chini kabisa ili tu wapate muhuri. Fungua ukurasa wa mambo yasiyolipiwa: magonjwa ya zamani, ujauzito, pikipiki, ajali ukiwa umelewa. Kisha tafuta namba ya simu ya msaada, uiandike kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji siku ya shida. Ukilazwa, namba hiyo ipigwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye sera, mara nyingi saa 24, na upewe namba ya kumbukumbu. Asiyepiga hulipa mwenyewe na kuomba kurudishiwa, na hapo hudaiwa risiti, bili yenye mchanganuo, ripoti ya daktari na nakala ya pasipoti yenye muhuri wa kuingia. Risiti ikipotea, malipo yanaweza kukwama.

Wanaokwenda India kwa matibabu, makadirio ya hospitali yasomwe kwa kile yasichokitaja: siku za ziada za chumba cha wagonjwa mahututi, damu, vipandikizi, chumba cha msindikizaji. Dai yaandikwe. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, kwa sababu cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi. Anayefika bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na tarehe ya upasuaji ikapita. Cheti chenyewe ni cha maisha. Mkitoka huko rudini na ripoti ya kuruhusiwa, picha zote kwenye diski, na kwa mgonjwa wa saratani, vipande vya nyama vilivyohifadhiwa maabara, au angalau slaidi zake. Daktari wa hapa akivikosa, ataanza upya, na mtalipa upya.

La mwisho halipendezi, lakini harambee za WhatsApp mnazijua. Kuuleta mwili JKIA kunahitaji cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili kwa dawa, cheti kwamba jeneza limefungwa inavyotakiwa, pasipoti ya marehemu na kibali cha ubalozi wetu. Sera yenye kifungu hicho hulipia yote na kampuni hushughulika. Sera isiyo nacho, ni familia na kikundi cha simu.

Tutabaki hapa kwenye meza ya mbele. Aliyekuja na sera yake aanze kupanga foleni, na aifungue kabisa kwenye ule ukurasa wa yasiyolipiwa, tusipoteze muda kuutafuta.